Nani Amfundishe Daktari Kutafuta?

Hoja iliyo mezani ni hii: katika vyuo vyetu vya afya, stadi ya kutafuta na kupima ushahidi wa kitabibu iwe somo lenye saa zake na alama zake, na mkutubi awe mmoja wa walimu wa somo hilo. Kwa sasa, katika vyuo vingi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitishwa maktabani ile wiki ya kukaribishwa wageni. Anaonyeshwa rafu, anaonyeshwa pa kuacha begi, anaambiwa asiongee na simu, basi. Habari za maktaba anazisikia tena mwaka wa mwisho, anapotakiwa kuleta pendekezo la utafiti na muda umeshamtupa mkono.

Nimezikutanisha hapa sauti nne. Wahusika ni wa kubuni, ila wanayoyasema husikika sana kwenye korido za vyuo vya afya vya Afrika Mashariki. Yupo mhadhiri, daktari bingwa wa watoto, ambaye anasimamia tasnifu nyingi kuliko muda alio nao. Yupo mkutubi, mama wa makamo aliyebobea kwenye taarifa za afya. Yupo kijana wa mwaka wa nne wa udaktari. Na yupo muuguzi ambaye baada ya miaka mingi wodini amerudi kusoma shahada ya uzamili. Mimi naiunga mkono hoja, na pale nitakapoona mazungumzo yanapita juu juu nitaingilia.

MHADHIRI: Nitangulie mimi ninayepinga. Ratiba yetu imejaa hadi ukingoni. Kila mwaka anakuja mtu na somo lake jipya: maadili, mawasiliano na mgonjwa, uongozi, ujasiriamali. Yote mazuri, lakini siku ya mwanafunzi haijaongezwa hata dakika. Halafu tujiulize tunamwandaa daktari wa wapi. Wengi wataenda hospitali za wilaya. Asubuhi foleni ya wagonjwa, mchana upasuaji, usiku zamu. Huyu hana saa ya kukaa na kanzidata. Anahitaji Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, toleo la 2021, uwe mfukoni mwake na aufuate. Waliobobea wameshamsomea makala zote.

MKUTUBI: Nakubali kwamba mwongozo ndio wa kuanzia, Dokta. Mwanafunzi akinijia na swali la tiba, jambo la kwanza namuuliza kama ameshaufungua. Lakini mwongozo una tarehe. Ukishachapwa, tafiti zinaendelea kutoka. Sasa kati ya toleo na toleo, nani anamwambia daktari wa wilaya kwamba kuna jambo limebadilika?

MUUGUZI: Hilo la tarehe mimi nimeliona kwa macho. Nilikuwa wodi ya watoto miaka ile. Mtoto anafika na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya damu yanatafutwa kwa shida. Tulifundishwa kumwekea dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Ndivyo ilivyoandikwa, na kila mtu aliamini hivyo. Kisha mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti ulioitwa FEAST.

MKUTUBI: Na utafiti huo ulifanyika hapa hapa kwetu. Kenya ulikuwa Kilifi, Tanzania ulikuwa hospitali ya Teule huko Muheza, na Uganda ulikuwa Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliopewa dripu ya haraka, iwe ya maji ya chumvi au ya albumini, walifariki zaidi kidogo ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Ambao hawakupewa dripu ile walifariki 7.3 katika kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyopangwa, kwa sababu ya madhara hayo. Matokeo yakachapwa mwaka huo huo kwenye New England Journal of Medicine. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake wa dharura za watoto mwaka 2016. Kati ya hapo ni miaka mitano, Dokta.

MHADHIRI: Nautumia utafiti huo kila mwaka darasani. Kijana, wewe umeusoma?

MWANAFUNZI: Nimeuona kwenye slaidi zako, Dokta.

MHADHIRI: Vizuri. Niambie basi, katika watoto wale, wenye kuharisha kukali walikuwemo?

MWANAFUNZI: Hapo sijui.

MHADHIRI: Hawakuwemo. Waliondolewa tangu mwanzo, pamoja na wenye utapiamlo mkali. Na hospitali zile hazikuwa na mashine za kumsaidia mtoto kupumua. Sasa ndipo ilipo hofu yangu. Mwanafunzi wenu atafundishwa kutafuta, ataipata makala kwa dakika mbili, atasoma ikisiri na kuifunga. Kesho yake mlipuko wa kipindupindu unaingia wilayani kwake, naye anamnyima maji mtoto aliyekauka. Huyo ni hatari kuliko yule ambaye hakusoma chochote na akafuata mwongozo.

Hapa naingilia. Hofu ya mhadhiri ni ya kweli, na sijasikia kipingamizi kizito kuliko hiki dhidi ya hoja. Ila nakiona kinamrudia mwenyewe. Amejuaje kwamba wenye kuharisha hawakuwemo? Alifungua sehemu ya mbinu, akatazama nani aliingizwa na nani aliachwa nje. Kijana hakufanya hivyo kwa sababu hajawahi kuonyeshwa kwamba sehemu ile inasomwa kabla ya matokeo. Alipewa hitimisho kwenye slaidi. Tukiwaacha wanafunzi waishi kwa mahitimisho ya slaidi, tutapata hasa yule daktari ambaye mhadhiri anamhofia, kwa sababu makala atakutana nazo tu, awe amefundishwa kuzisoma au hakufundishwa. Simu anayo.

MWANAFUNZI: Naomba niseme ukweli wa kwetu, maana mnatuzungumzia kama hatupo. Tunatafuta. Tunatafuta usiku kwa bando la simu. Unaandika swali lako kwenye Google, inakuja makala inayofanana kabisa na mada yako, unabofya, unaambiwa ulipe dola 30 na zaidi. Hela hiyo ni ya chakula. Basi unaingia kundi la Telegram, kuna mtu atakutupia pdf. Au unakwenda Sci-Hub. Wote tunakwenda huko. Sijawahi kumwona mwenzangu aliyelipia makala.

MKUTUBI: Umeshawahi kutumia Hinari?

MWANAFUNZI: Nimeona jina kwenye bango pale mlangoni kwenu. Nilidhani ni mradi.

Mwaka wa nne huo, na jina analijua kutoka kwenye bango tu. Ndiyo sababu mkutubi nimemwachia nafasi ndefu kidogo.

MKUTUBI: Hinari ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa wa majarida, ikaanza kazi Januari 2002. Leo imo ndani ya mpango wa Research4Life unaofikia nchi zaidi ya 120. Chuo kinajisajili. Nchi za kundi la kwanza, Tanzania ikiwemo, hazilipi chochote. Mwanafunzi anaingia kwa akaunti ya chuo na kusoma makala nzima, ile ile aliyoambiwa alipie dola 30. Mwanangu, makala nyingi ulizozipata kwa njia za panya zilikuwa zinakusubiri humu bure. Tatizo ni kwamba nywila iko kwangu, na wewe na mimi hatujawahi kukaa meza moja. Siwezi kuibandika ukutani kwa sababu ikisambaa nje ya chuo, chuo kizima kinaweza kufungiwa. Kwa hiyo inabidi mwanafunzi aje, au mimi niende aliko. Na ili niende aliko nahitaji kipindi.

MHADHIRI: Na siku wachapishaji wakiamua kufunga? Bangladesh Januari 2011 waliamka wakaambiwa zaidi ya majarida 2,500 yameondolewa. Yalirudishwa baada ya makelele ya dunia nzima. Unataka tujenge somo juu ya kitu ambacho mwenyewe anaweza kukichukua?

MKUTUBI: Kweli, ilitokea, na inaweza kutokea tena. Ndiyo maana sitaki kufundisha Hinari kama Hinari. Mlango mmoja ukifungwa, aliyefundishwa kutafuta anajua pa kwenda. Anajua kanzidata ya PubMed iko wazi kwa kila mtu tangu 1997. Anajua kuangalia kama mwandishi ameweka nakala huru kwenye hazina ya chuo chake. Anajua kumwandikia mwandishi barua pepe ya mistari mitatu na kuomba nakala, na wengi wanaijibu. Anajua pia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na ile faharasa ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, kwa sababu majarida mengi ya kwetu hayamo kwenye orodha za Marekani. Na anajua kwamba tasnifu za waliomtangulia, zilizofanyika hospitali za Temeke na Amana, ziko kwenye hazina ya kidijitali ya chuo cha Muhimbili, hazidai hata senti.

MUUGUZI: Mimi hilo la mwisho lingeniokoa miezi. Niliandika pendekezo zima juu ya jambo ambalo lilishafanywa, tena kwa wagonjwa wa hospitali ile ile.

MHADHIRI: Msimamizi wako hakukuambia?

MUUGUZI: Naye hakujua, Dokta.

Sasa nataka tutoke kwenye hoja za jumla tuingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaodharau somo hili hawajawahi kuona linavyofundishwa. Kijana ana mada: kalsiamu kwa wajawazito, kuzuia presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Aketi na mkutubi.

MKUTUBI: Umeandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia?

MWANAFUNZI: Niliandika kalsiamu na ujauzito kwa Kiingereza. Zikaja maelfu. Nikachukua kumi za mwanzo.

MKUTUBI: Kumi za mwanzo si lazima ziwe kumi zinazokufaa. Tulivunje swali. Mgonjwa wako ni nani?

MWANAFUNZI: Mjamzito.

MKUTUBI: Mjamzito yupi? Wa mimba ya kwanza? Anayekula maziwa kila siku, au wa kwetu ambaye chakula chake kina kalsiamu kidogo? Hilo linabadilisha kila kitu. Tiba ni kalsiamu, sawa, lakini inalinganishwa na nini? Na kidonge cha bandia, au dozi ndogo na dozi kubwa? Na tokeo unalolitaka ni presha, kifafa chenyewe, kifo cha mama, au mtoto njiti?

MWANAFUNZI: Nilitaka dozi. Pale kliniki akina mama wanalalamika vidonge ni vingi.

MKUTUBI: Umeona? Hilo hukuliandika popote, na ndilo swali lako. Sasa haya, jina la ugonjwa. Kwa Kiingereza wengine huliandika kwa kistari katikati, wengine bila kistari, na wengine hulitaja ndani ya kundi zima la presha za ujauzito. Ukiandika namna moja unakosa waliotumia namna nyingine. Kwa hiyo majina yote unayaunganisha kwa kiungo cha AU, halafu kundi hilo unaliunganisha na kalsiamu kwa kiungo cha NA, kwa Kiingereza chake na kwa herufi kubwa. Kisha unaongeza kichwa cha mada. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina orodha ya vichwa hivyo tangu 1960. Jambo moja linapewa kichwa kimoja hata kama waandishi kumi wametumia majina kumi. Mwisho unabana kwa aina ya utafiti, majaribio ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu peke yake, na kwa miaka. Bofya.

MWANAFUNZI: Hii ya Dar es Salaam? Ya 2024?

MKUTUBI: Ndiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wasiopata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula. Watafiti wakajiuliza kama nusu gramu, yaani miligramu 500, inatosha. Wakafanya majaribio mawili, India na hapa Dar es Salaam, kila upande wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza. Kwa kuzuia ile presha ya mimba, dozi ndogo haikuonekana kuzidiwa na dozi kubwa, kote kuwili. Imechapwa Januari 2024, miaka mitatu baada ya ule mwongozo wa mfukoni. Utafiti umefanyika kwenye jiji unaloishi, na kwenye kumi zako za mwanzo haumo.

MHADHIRI: Msimalizie hapo. Kijana, shuka kwenye tokeo la pili.

MWANAFUNZI: Watoto njiti... India dozi ndogo haikuzidiwa. Dar es Salaam hawakuweza kusema hivyo.

MHADHIRI: Hawakuweza. Kwa hiyo usikimbilie kliniki kuwaambia akina mama wapunguze vidonge. Andika hilo kwenye pendekezo lako, hilo ndilo pengo.

Tazama kilichotokea. Mkutubi ameileta makala, mhadhiri ameipima, na kijana ametoka na swali la utafiti ambalo halina nakala kabatini. Hakuna kati ya wale wawili ambaye angefika hapo peke yake kwa muda ule. Mhadhiri amekuwa akisema kwamba ratiba haina nafasi, lakini mazungumzo haya hayazidi nusu saa, nayo yamegusa tiba ya uzazi, takwimu na maadili ya utafiti kwa mkupuo.

MHADHIRI: Nakubali kwa mada ya tasnifu. Lakini kwa daktari wa kawaida bado ni anasa.

MKUTUBI: Nikueleze kisa kimoja kinachofundishwa kwa wakutubi wa afya, uone kama ni anasa. Juni 2001, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Ellen Roche, miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kwenye utafiti wa pumu. Akavutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu. Mapafu yakaharibika, akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta kabla ya kuanza, lakini PubMed ya wakati ule ilianzia 1966. Makala zilizoeleza madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwepo, zimechapwa, ziko maktabani, ila hazikuonekana kwenye kioo cha kompyuta. Chuo chenye uwezo kuliko vyetu vyote kwa pamoja. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba kanzidata hii ina mwanzo, na kabla ya mwanzo wake kuna faharasa iliyochapwa vitabuni inayorudi nyuma hadi 1879.

Mhadhiri hakujibu haraka, na mimi sioni haja ya kuongeza neno kwenye kisa hicho. Nasogea kwenye jambo ambalo vyuo vyetu vinalinyamazia.

MWANAFUNZI: Mnaongelea kutafuta. Nje ya geti pale steshenari, kuna kaka anakutengenezea marejeo. Unampelekea tasnifu yako kwenye flashi, anakupangia kwa mtindo wa Vancouver, unamlipa. Ukitaka zaidi anakuandikia sura ya pili nzima, ile ya mapitio ya maandiko. Na ukirudishiwa na Turnitin kwamba umefanana na wengine kwa asilimia kubwa, yeye huyo huyo anakupunguzia asilimia. Anabadilisha maneno. Siwasemi vibaya wenzangu, kuna mwenzetu ambaye marejeo yake ni 80, ameyaandika kwa mkono yote. Msimamizi akamwambia aongeze moja katikati. Namba zote zikahama. Alilia.

MKUTUBI: Zotero ingempangia kwa kubofya mara moja, na ni ya bure. Nimeiweka kwenye kompyuta zote za maktaba. Waliojitokeza kujifunza ni wachache mno.

MWANAFUNZI: Kwa sababu mama, msamehe, maktaba kwetu ni mahali pa kukamatwa. Tunakuja kwenu kupimwa Turnitin. Mtu hawezi kwenda kuomba msaada kwa yule atakayemhukumu wiki ijayo.

MKUTUBI: Nimekusikia. Kazi hiyo ya kupima tulipewa, hatukuiomba. Ningependa tupime pamoja, mwanafunzi akiwa ameketi pembeni yangu, tukiwa bado kwenye rasimu, aone wapi amenukuu bila kutaja. Lakini kanuni inataka nipime nakala ya mwisho na kuandika ripoti.

Hapa nachukua upande wa kijana bila kusita. Chuo kinachompa mkutubi kazi ya kukagua na kumnyima kazi ya kufundisha kimewafukuza wanafunzi kwa mikono yake chenyewe. Yule kaka wa steshenari hajamlaghai mtu. Anafungua saa ambazo maktaba imefunga, hamfokei mteja, na anatoa msaada ambao ulitakiwa kutolewa na chuo. Nami naumia, kwa sababu mapitio ya maandiko ndipo mahali ambapo daktari kijana anajifunza kusema «hili linajulikana, hili halijulikani». Akimlipa mtu amsemee, amenunua shahada na kuuza stadi aliyoifuata.

MUUGUZI: Na sasa wengi hawaendi hata steshenari. Wanauliza zile programu za akili bandia.

MHADHIRI: Mwaka jana nililetewa tasnifu yenye marejeo mazuri kweli kweli. Jina la jarida la kweli, mwaka unaoaminika, waandishi wanaojulikana. Nikatafuta makala tatu, hazipo duniani. Mwanafunzi mwenyewe alishangaa. Aliamini kuwa kilichoandikwa vizuri namna ile hakiwezi kuwa cha uongo.

MKUTUBI: Je, ulifanyaje ili kujua hazipo?

MHADHIRI: Niliingiza kichwa cha makala kwenye PubMed, sikuipata. Nikafungua jarida lenyewe, toleo lile, ukurasa ule. Kulikuwa na makala nyingine kabisa.

MKUTUBI: Dakika ngapi?

MHADHIRI: Chache.

MKUTUBI: Ndilo somo ninaloomba nipewe.

Ndipo mhadhiri alipoanza kulegea, na nafurahi kwamba hakulegezwa na maneno matamu. Alilegezwa na kazi anayoifanya mwenyewe kila wiki.

MHADHIRI: Tuseme nimekubali nusu. Somo jipya kwenye mtaala silitaki bado, litapitia vikao miaka miwili na likifika litakuwa slaidi nyingine. Nachoweza kutoa ni wodi. Gertrude Lamb, mkutubi wa Marekani, alianza mwaka 1971 kule Kansas City kuwapeleka wakutubi kwenye raundi pamoja na madaktari. Swali likizuka kitandani, mkutubi analichukua, anarudi na makala. Njoo kwenye raundi yangu mara moja kwa wiki. Mwanafunzi aliyeshindwa kujibu swali la siku hiyo atakufuata, mtatafuta pamoja, na kesho yake ataniletea makala na sehemu ya mbinu ameisoma.

MKUTUBI: Na alama?

MHADHIRI: Unapenda sana alama.

MKUTUBI: Wao ndio wanaozipenda. Nimefundisha semina za hiari miaka yote, wanakuja wale wale ambao tayari wanajua. Mwanafunzi wa udaktari anasoma kinachotahiniwa, na simlaumu. Weka kituo kimoja kwenye mtihani wa vitendo. Mgonjwa wa karatasi, kompyuta, dakika kumi: tengeneza swali, tafuta, chagua makala moja, niambie kwa nini hiyo. Utaona maktaba itakavyojaa bila bango.

MHADHIRI: Kituo kimoja nitakitetea kwenye kikao cha idara.

MWANAFUNZI: Kianze na mwaka wa tatu, Dokta, kabla hatujaingia wodini. Sisi wa nne tumeshazoea vibaya.

Bado liko la watu. Wakutubi waliosomea taarifa za afya ni wachache, na chuo kikipata fedha hukimbilia jengo. Majengo si mabaya. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa Novemba 2018 inaweza kuketisha watu 2,100 kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo ilihitajika sana. Lakini kiti hakimwonyeshi mtu tofauti ya kistari na kutokuwepo kwa kistari. Kwa chuo cha afya, naona afadhali mkutubi mmoja wa ziada mwenye cheo cha mwalimu na mshahara wa mwalimu kuliko ukumbi wa pili wenye viyoyozi. Vyuo vinavyowaweka wakutubi kwenye fungu la watumishi waendeshaji, bila nafasi ya kupanda kwa kufundisha na kutafiti, visishangae wanapohamia mashirika.

MUUGUZI: Mimi nina la mwisho, na linanihusu. Mnapanga mambo ya wanaosoma mchana, wanaolala bwenini. Sisi tunaosoma huku tuna zamu tunafika maktabani saa mbili usiku, kila mtu ameshaondoka. Hata kama ni kundi la WhatsApp la kuuliza maswali, liwepo. Na jambo jingine, nikihitimu ile nywila inakufa. Narudi mkoani na stadi yangu, nafungua makala, naambiwa dola 30. Miaka ya nyuma Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipeleka barani Afrika masanduku ya chuma ya rangi ya buluu, kila moja na vitabu zaidi ya 100 vya afya, kwa hospitali za mbali. Sasa hivi sanduku langu ni nini?

MKUTUBI: Hospitali yako inaweza kujisajili Research4Life yenyewe, dada yangu. Sio vyuo peke yake, hospitali zinaruhusiwa. Fomu inataka jina la mkuu wa taasisi na jina la mtu mmoja wa kusimamia akaunti.

MUUGUZI: Kwetu hakuna mkutubi.

MKUTUBI: Si lazima awe mkutubi. Andika jina lako. La mganga mfawidhi unalijua?

MUUGUZI: Nalijua, na namba yake ninayo. Ila leo yuko zamu, atapokea jioni.

MKUTUBI: Basi tuanze na ukurasa wa kwanza, usiohitaji sahihi yake. Dokta, nisogezee hiyo kompyuta.